Kilo Tatu

Baba alificha sumaku ndani ya mizani pale Kibaigwa,
ndogo, kama kifungo cha koti.
Kila gunia la mahindi likapoteza kilo tatu
kati ya ndoano na macho ya mwenye gunia.

Hakujenga nyumba. Hata baiskeli hakubadilisha.
Kilo tatu zilinunua bati za zahanati,
kitanda cha kujifungulia
na taa ya sola iliyowaka
usiku ule alipozaliwa mdogo wangu Ndahani.

"Nimewaibia kidogo kidogo," aliniambia,
"nikawarudishia kikubwa."

Nikamwamini,
hadi nilipomkuta Mama Chitema
kwenye benchi la zahanati hiyohiyo,
akihesabu kwa vidole:
magunia kumi na manne,
ada iliyopelea,
binti aliyeacha shule mwezi wa tatu.
"Mungu ambariki aliyetuezekea," akasema.
Nikaitikia amina. Ningesema nini?

Baba tumemzika. Bati hazivuji hadi leo.
Sumaku ninayo, kwenye kopo la vifungo,
na kila nikitafuta sindano
naikuta imeing'ang'ania,
siwezi kuchukua moja
bila kuigusa nyingine.