Vipande

Laki moja na themanini kwa saa moja.
Nimeihesabu kwa namna yangu:
sketi thelathini za marinda,
marinda kumi na mawili kila sketi,
yote ya kukunja, kubana, kupiga pasi,
mia tatu na sitini,
kwa saa moja ya Bi Leokadia,
ghorofa ya sita, Mtaa wa Mkwepu,
kiyoyozi kikipuliza kama kinadaiwa.

Pesa yenyewe ipo.
Milioni tatu na laki nne za Januari,
za sare, za wazazi
waliokuja tarehe nane wakitaka nguo tarehe tisa.
Kwanza ilikaa kwenye bati la biskuti pamoja na vifungo,
sasa iko ndani ya simu
na kila nikifungua kutazama salio
najiona kama mpishi mwenye kiherehere:
wali hauivi kwa kufunuliwa.

Ushauri wa bure ninao, tena tele.
Shemeji Kitwana alinishauri bure
mwaka ule wa sungura.
Nunua majike mawili, alisema, kampuni itachukua watoto,
wewe kazi yako kupokea.
Laki nane.
Kampuni ikahama usiku,
ikaacha kibao na harufu.
Sungura tukawala kwa mchuzi wa nazi,
kitoweo cha ghali kuliko vyote vilivyopita kooni mwangu.

Bure naijua bei yake.

Lakini Stumai, tunayegawana naye baraza hapa Mchikichi,
anauliza huku uzi uko mdomoni:
Umlipe mtu akuonyeshe njia ya benki?
Si iko pale, ng'ambo ya duka la ndoo?

Sikumjibu. Alikuja mama mmoja
na kitambaa cha bluu kwenye rambo.
Fundi, hiki kitatosha wawili?
Nikakisugua kwa vidole viwili, nikakinusa.
Kitatosha leo, nikamwambia,
ila kikifuliwa kitarudi. Kichovye maji usiku kucha
ndipo ukikate.
Akashukuru sana. Akaenda kushonesha kwa mwingine.

Kile nilichompa akiwa amesimama
mimi nilikinunua kwa sare arobaini
zilizopanda magotini wiki ya pili ya muhula,
na mwalimu mkuu akinitajia polisi.

Jumatatu nikapanda ghorofa ya sita.
Dakika kumi za mwanzo hazina malipo,
nikaona nizitumie vizuri.
Bi Leokadia, ukiniambia nunua hiki,
nani mwingine anakulipa?

Akaweka kalamu chini.
Vipande vya mfuko, sipati kitu.
Hati fungani, sipati kitu.
Bima, napata.

Kipeperushi cha bima ndicho kilichokuwa juu pale mezani.
Akakigeuza, kifudifudi, polepole,
na mimi mpaka leo sijui
kama ile ilikuwa aibu au adabu.

Vipande. Neno nikashuka nalo ngazi zote sita,
maana lifti nayo ilikuwa na foleni.
Vyangu vimejaa gunia chini ya cherehani,
kila kimoja nakijua shati lake,
na Idi ikikaribia huunganika vikawa mto, vikawa pazia.
Vyake vinakaa kwenye daftari la mtu nisiyemwona
na vinapanda, na vinashuka,
na hakuna wa kuvishika akavinusa.

Ile milioni tatu na laki nne sitaigusa.
Ada yake naishona pembeni, usiku,
taa ikivutia kumbikumbi.
Mpaka sasa sketi tisa. Zimebaki ishirini na moja.
Nikichoka katikati nitajua nilikuwa sitaki.

Maswali nimeyaandika kwa chaki ya kukatia
juu ya kipande cheusi cha suruali,
nikikosea nafuta kwa kiganja.
La kwanza nimelifuta mara nne.
La mwisho halijafutika tangu nililiandika:

Hiki unachonikatia, Bi Leokadia,
kikifuliwa, kitarudi kiasi gani?