Zamu ya Asiyekuwepo

Nje, Ibra inaungua nyuzi arubaini na sita.
Humu ndani nimevaa sweta la mume wangu
na pua inanichuruzika.
Mkurugenzi ametuma neno: diski zisizotumika
zing'olewe kabla ya Alhamisi.
Zisizotumika. Neno jepesi, ukilisemea ofisini.

Naandika lsblk. Mti unashuka kiooni:
sda na matawi yake;
sdb, iliyobeba kodi za maduka;
halafu sdc, sdd, sde,
majina matatu yasiyo na mlango mbele yake.

"Hizo hapo, madam Azza," asema Biju, bisibisi mkononi.

Ngoja, Biju. Kutopachikwa si kuwa tupu.
Bibi yangu alikaa kwa mjomba wake miaka kumi na minne
bila jina lake kwenye karatasi yoyote ya nchi hii,
na kila alfajiri mkate wa ufuta ulikuwa sinia nzima.

Naiulizia sdc kwa pvs.
Imo kwenye kundi la sdb,
akiba ya siku kodi zitakapojaa.
Imeshaposwa huyu, arusi bado. Usimguse.

sdd naisoma kichwa hadi mkia:
sifuri, sifuri, sifuri,
mchanga wa Wahiba kabla ya unyayo.
Namba yake ya kiwandani naiandika kiganjani,
maana hizi herufi hupeana majina upya
kila mashine ikizimwa na kuwashwa;
namba haimsahau mwenyewe.
Hii, Biju, chukua.

Imebaki sde.
blkid yanong'ona: ext4, lebo FALAJI.
Naipachika kwa kusoma tu,
kama aingiaye msikitini viatu mkononi.

Picha za daftari la zamu za maji,
kurasa mia tatu na kumi na mbili,
na faili moja dogo la aliyezipiga:
*Mattar. Asli imeliwa na mchwa.*

Nusu saa, wana wa Nasib.
Nusu saa, msikiti.
Robo, mjane wa Hamdun.
Na ukurasa wa arubaini, Jumanne usiku,
zamu isiyo na jina,
pembeni mkono fulani umeandika:
amesafiri Pemba. Maji yake yaende kwenye mitende yake.
Yasiuzwe.

Chini yake mikono mingine, wino mwingine,
mwaka baada ya mwaka,
bado
bado
bado
mpaka karatasi ikaisha.

Biju anapuliza vidole vyake. "Niitoe?"

Naongeza mstari mmoja kwenye fstab,
ili seva ikiamka iikute imepachikwa.
Kisha ripoti. Safu ya mwisho, *hali*,
inataka neno moja kwa kila diski.
Mbele ya sde naandika: amesafiri.

Biju anainama, anasoma herufi kwa herufi,
anauliza hiyo ni hali gani.
Namwambia afunge mlango,
baridi inatoka.