Upindo Ulionyooka Mno

Greenock, mwaka wa sitini na tisa.
Kengele ya Jumanne saa nane ikilia,
ukumbi ulitupasua kama kuni:
wavulana kulia, kwenye randa na patasi,
wasichana kushoto, kwenye sufuria na sabuni.
Hakuna aliyeuliza kwa nini.
Hata mvua hatukuwa tukiiuliza.

Sayansi kimu, kwa Bi Auchterlonie.
Muhula mzima tulishona aproni
ya kuvaa muhula utakaofuata,
tutakapopika samaki mweupe
kwa mchuzi mweupe kwenye sahani nyeupe.
Chakula cha mgonjwa, alisema,
kana kwamba kila mmoja wetu
alikwisha kuposwa na mgonjwa wake.

Mwisho wa korido palikuwa na nyumba ya mazoezi,
chumba na jiko ndani ya shule,
tukaipangusa vumbi lisilokuwepo
mpaka Senga McGlinchey akachoka,
akaja na vumbi lake mfukoni.

Lakini ukutani, juu ya sinki,
palikuwa na tundu la bomba lililong'olewa,
na tunduni ilipenya harufu
ya msonobari uliochanwa sasa hivi.
Nieleze vipi?
Wapo wanaonusa mkate ukiiva, tumbo likawasokota.
Mimi njaa yangu ilikuwa ya mbao.

Struan Kerrigan alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu.
Babake alichomelea vyuma vya meli,
na babu yake, na ami zake wote wanne.
Struan alishika patasi kama ashikaye mjusi.
Kila kiungo alichokata kilikenua meno.

Tulikutana nyuma ya banda la makaa la nyanya,
tukabadilishana aibu zetu.
Nikachukua mguu wa stuli yake,
nikapima mara mbili, kama nilivyosikia tunduni,
nikakata mara moja.
Yeye akakaa juu ya gunia
na aproni yangu mapajani, ncha ya ulimi nje,
sindano ikazama, ikaibuka, ikazama,
na sijamwona mtu aliyetulia hivyo,
si kabla, si baada,
wala kanisani.

Stuli ilipata nane kwa kumi.
Bwana Tulloch aliinyanyua darasa zima waione:
"Hii ndiyo kazi ya mwanamume."
Nilimsikia kupitia tundu. Nilikuwa nakamua kitambaa cha vyombo.

Mimi nilipata sifuri.
Bi Auchterlonie alipitisha ukucha juu ya upindo,
polepole, toka ncha hii hadi ile,
akasema: Huu umenyooka mno. Kakushonea mama yako.
Mama, ambaye hata kifungo cha koti
alikibana kwa pini,
alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

Struan aliingia yadi akiwa na miaka kumi na sita.
Yadi ilifungwa, kama zilivyofungwa nyingine.
Nilisikia kahamia Kanada.
Nilisikia pia hakwenda kokote,
yupo Port Glasgow, anafuga njiwa.
Mtu wa kumuuliza alikwisha kufa.

Randa yangu ya kwanza niliinunua nina miaka arobaini na saba,
ya mtumba, mpini umepasuka.
Muuzaji akaniuliza, Unampelekea mume?
Nikamwambia hapana, ni ya mtoto.
Ana miaka kumi na mitatu.
Akanipunguzia bei.

Sasa kila Jumanne mchana, kibandani,
ninaranda, taka zake zinajikunja miguuni,
nyembamba, unaona taa kupitia kwake.
Aproni ni ile ile.
Rangi imekwenda, mshipi nimeubadilisha,
na mfuko, ambao niliushona mimi kwa mkono wangu,
uling'oka kabla hata mwaka haujaisha.
Upindo bado.