Kitenzi Chenye Nge

Umeme ulikatika Ngoie alipofika aya ya pili,
tukamalizia kwa mwanga wa simu ya Numbi,
watu saba nyuma ya duka lake la dawa, Kamalondo,
tumekalia makasha ya serumu,
na barua inapita mkono kwa mkono
kama mjukuu wa kwanza.

Mikate elfu nne kwa siku.
Kambi ya mgodi, njia ya Likasi, miaka miwili.
Muhuri wa buluu. Sahihi imejikunja kama mnyoo.
"Imethibitishwa," alisema Ngoie, unga ungali kwenye nyusi zake,
"hatuokei kartie peke yake tena."

Musonda alikwisha piga hesabu nyuma ya kalenda:
tulichotoa, mara tatu, mara nne, kabla ya Pasaka.
Alikwisha chagua rangi ya mabati,
nyumba yenyewe bado ni kiwanja.

Ndipo Mwalimu Kapend akaiomba barua,
akaisogeza hadi puani, akaanza kutuvulia Kifaransa chake
neno moja moja, kama atoaye miiba kwenye samaki wa mtoto.
"Tunathibitisha," akasoma.
Tukapiga makofi.
"Ngojeni. Tunathibitisha kwamba tumeipokea ofa yenu."
"Si ndiyo hiyo hiyo?" akauliza Musonda.
"Hiyo ni risiti ya bahasha, si ya mkate.
Na hapa chini: tungechukua mikate hiyo, iwapo.
Si tutachukua. Tungechukua.
Wandugu, katikati ya kitenzi hiki pana nge,
nanyi mnataka kumtia mfukoni."

Numbi akasema muhuri haupigwi bure.
Mama Chola akacheka hadi kasha likalia chini yake:
"Hata cheti changu cha ndoa kina muhuri.
Muulizeni aliyekisaini leo analala wapi."

Banza, dereva, alikuwa amenyamaza.
"Juzi nililala kwenye lango la kambi ile.
Lori la mkate hutoka ng'ambo ya Kasumbalesa,
huingia saa kumi na moja alfajiri,
na mlinzi humwita dereva baba fulani,
kwa jina la mwanawe.
Mtu wa kufukuzwa kesho haitwi hivyo."
"Au ndiyo sababu wanatutafuta sisi," Numbi akadakia,
"mkate wa mpakani hufika umeshakuwa tofali."
Lori moja, na kila mtu akalipakia mzigo wake.

Tukapiga namba iliyo juu ya karatasi.
Iliita sana. Sauti ya mwanamke:
bwana wa manunuzi yuko likizo, pigeni Jumatatu.
"Mnaona? Yupo!" akasema Numbi.
"Mnaona? Hayupo," akasema Kapend.

Mimi sikusema. Mimi hushika daftari.
Fedha yangu iko ukurasa wa tatu:
hesabu ya mwisho ya marehemu mume wangu,
miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
dola mia sita, na saa ya ukutani isiyotembea.
Ngoie anataka tanuri la pili. Anataka jibu usiku huu,
maana fundi wa tanuri naye ana wateja,
naye anasema wamethibitishwa.

Kura. Watatu, toa. Watatu, subiri.
Wakanigeukia wote, hata simu ikanigeukia,
mwanga wake machoni, nikawa kama nimekamatwa na kuku wa watu.

Umeme ukarudi. Friji ya chanjo ikaguna.
Nikaiona barua vizuri kwa mara ya kwanza:
kando ya sahihi, nyeupe, mistari yake yote ikisomeka,
alama ya dole gumba la unga.
Katika yote yaliyokuwa kwenye karatasi ile
hiyo tu ndiyo niliyomjua mwenyewe.
Huamka saa nane za usiku. Hajawahi kunipunja mkate.

Nikafungua daftari.
Nikaandika: wanachama wangetoa.
Kapend akachungulia begani mwangu, akatabasamu, akaacha.
Mahali pa tarehe nikapaacha wazi,
na Ngoie, ambaye hakuona,
akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.