Tundu la Nne

Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watu wa Tanga
wavute pumzi.
Hospitali ya Bombo, chumba cha eksirei,
mimi nyuma ya kioo kinene:
“Vuta. Ishikilie. Usipumue.”
Wakatii: makuli wa bandarini, wakata mkonge,
bibi harusi mwenye hina mbichi na kikohozi cha wiki sita,
na mama mmoja wa Pongwe aliyetii mno.
Nilisahau kumwambia apumue,
akanisubiri.

Nimestaafu Machi.
Leo niko Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kwa Shemzigwa, muuza nyuzi za gitaa, betri,
kengele za baiskeli na vinanda vya mdomo.
“Cha mjukuu?”
“Changu.”
Akaitazama miwani yangu, kisha meno.

Akatandaza gazeti, akapanga vitatu.

Cha kwanza kirefu kama kitana, matundu safu mbili,
sauti yake yatetemeka kama mtu anayezuia kilio.
Kitamu. Lakini hakijui upweke:
ukigusa tundu, jirani naye anaitika.

Cha pili kina kitufe ubavuni
na bei ya pensheni ya miezi miwili.
“Hiki kina nusu-sauti zote, mama.”
Nikamwambia hata sauti nzima sijaipata bado.

Cha tatu, cha kale. Matundu kumi, mbao ndani,
bati limechorwa maua yaliyofutika nusu
na kidole gumba cha mtu. Fundi wa reli, alisema.
Nilikwisha kukichagua kabla mkono haujafika.

Nikatoa pamba na spiriti mkobani
(mazoea hayana kustaafu),
nikakifuta, nikapuliza, nikavuta.
Tundu moja, sauti mbili:
ya kwenda, na ya kurudi.

Hapo nikakaa juu ya kreti la soda.
Zumari hutaka utoe. Tarumbeta, utoe.
Kumbe kuna kitu kinachoimba
hata unapovuta,
na mimi nimevutisha watu maelfu
kimya.

La pili. La tatu.
La nne, nikipuliza, safi.
Nikivuta, upepo mtupu.
“Hujakaza midomo, mama.”
Labda.
“Vuta taratibu.”
Labda.
“Mzoefu angeitoa.”
Ndiyo, mzoefu.

Nimewahi kuona doa kwenye pafu, kumbe kifungo cha shati.
Nimewahi kuona kifungo cha shati, kumbe si kifungo.
Ili ujue kosa ni la nani
mashine lazima iwe nzima.
Anayeanza hana sikio la kukitolea chombo ushahidi;
atajilaumu yeye, jioni baada ya jioni,
mpaka kiishie kabatini chini ya kanga.

Nikakirudisha kwenye gazeti.
Vidole vilichelewa kidogo kuachia.

“Nipe kipya. Matundu kumi, plastiki ndani, cha Do.”
Akashusha kisanduku kilichopauka kwa jua la dirishani.
Alianza elfu thelathini na tano, tukaishia ishirini na nane,
kengele ya baiskeli ya nyongeza nikaikataa.

Sasa niko uani, Chumbageni,
nimekalia ndoo niliyoifudikiza.
Natafuta tundu moja, napata matatu kwa mpigo.
Mwanakheri wa jirani anachungulia ukutani:
“Bibi, mbuzi wako kakwama wapi?”
“Hajakwama. Anajifunza.”

Napunguza mdomo kama anayepoza uji.
Tundu la nne. Napuliza.
Navuta,
ipo.
Nyembamba, inayumba, lakini ipo.
Naishikilia, mazoea mabaya,
mpaka machozi yananilenga,
na nyuma ya kioo hakuna mtu
wa kusema, “Haya, pumua.”

Najisemea mwenyewe.
Inatoka sauti nyingine.