Siku ya Kurudisha Saa Nyuma

Mara mbili kwa mwaka, saa zinaposogezwa,
nami nausogeza mkoba kutoka nyuma ya mlango
na kuumwaga mezani.
Leo Pozzuoli nzima imelala saa moja ya nyongeza.
Mimi nahesabu betri.

Ni mkoba wa shemeji yangu Sabatino, wa mpira,
mwekundu, bado unanuka dawa ya kuchulia misuli.
Maji lita mbili: nayamwagia mrehani dirishani,
najaza mengine.
Redio ya kuzungusha kwa mkono: naizungusha,
inakohoa, inataja nani kamfunga nani, inanyamaza.
Tochi. Filimbi. Dawa za presha za mama mkwe,
tarehe yake imepita Agosti.
Viatu vya Imma, namba ishirini na nane.
Namvalisha: kisigino kimegoma, kimebaki nje.
Tangu Machi mtoto amekimbia namba mbili
bila kutoka nyumbani.

Ardhi yetu nayo inakua.
Inapanda kimyakimya, upana wa kidole kwa mwezi;
gatini boti zimekalia tope kama kuku watagao.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo,
lakini huku tunauziba Jumatatu,
Alhamisi umerudi na mdogo wake.

Donna Titina, mama mkwe, hucheka akiniona na orodha.
"Mwaka wa sabini," husema, "askari walituhamisha
mtaa mzima. Siku tatu tu, walisema.
Mama akabeba cherehani mgongoni,
akaacha vyeti kwenye droo.
Miaka miwili tulipanga foleni kuthibitisha tumezaliwa.
Lakini tulikula. Kwa nini? Cherehani."
Kisha huugonga mkoba kwa ncha ya fimbo
kama anayechagua tikiti sokoni.

Nakala za vyeti nimezifunga kwenye nailoni. Mara mbili.

Sasa niseme lililotokea Mei, nisijisifu.
Saa nane na robo usiku kitanda kilitembea.
Vikombe vilishuka rafuni kimoja kimoja
kama abiria wenye adabu.
Nilimbeba Imma, nikazishuka ghorofa nne,
nikafika uwanjani pekupeku,
na mkononi nimeshika, kwa nguvu, kwa uhakika,
rimoti ya televisheni.
Mimi. Mwenye orodha.

Wa mwisho kutoka alikuwa yeye,
gauni la kulalia, nywele wazi,
mkoba mwekundu umemlalia begani,
filimbi mdomoni, akiipuliza kila ngazi
kama refa aliyechoshwa na mchezo.

Kulipotulia akaufungua juu ya benchi.
Chini ya blanketi, mahali nilipoweka bandeji,
palikuwa na birika lake dogo la kahawa,
kijiko kimoja, jiko la gesi la kambini,
na kahawa yenyewe ndani ya soksi.
"Uliviweka lini?"
"Ulipokuwa ukihesabu betri."
Tukanywa kwa zamu, kifuniko kimoja, watu kumi na mmoja,
hata Signor Capuozzo wa ghorofa ya pili
ambaye hatusemeshani tangu mambo ya bomba.
Hakuna aliyehitaji bandeji.
Bahati hiyo siiandiki kwenye orodha.

Basi leo narudisha kila kitu.
Viatu namba thelathini. Dawa mpya. Bandeji,
safari hii mfuko wa pembeni.
Birika limo, sijaligusa,
ila soksi nimeifua.
Pakiti ya biskuti, nikiinyanyua, haina uzito:
tupu, imefungwa upya kwa ustadi mkubwa.
Imma anaangalia dari.
Nami naiangalia,
natafuta ufa.