Chumba Namba Nne

Kazi yangu ni ulimi. Silipi, sihukumu.
Nakaa kati ya meza na feni iliyovunjika shingo,
kulia kwangu meja, kushoto kwangu mwenye msiba,
maneno yanipitie kama maji kwenye mfereji.
Mfereji haunywi.

Leo ameingia Sabiha Dhanun, wa uchochoro wa wasokota kamba,
Mosul, ng'ambo ya Tigrisi, ule upande uliobomoka.
Ameleta mfuko wa plastiki wa duka la viatu.
Ndani: cheti cha kifo, kitambulisho kilichoungua pembe,
funguo tatu za mlango usiokuwapo,
na picha ya Laith, unga umemfika kwenye nyusi.

Meja ni kijana, ana adabu. Ameshajifunza
kulaza kijiko juu ya gilasi asiongezewe chai.
Anafungua faili. Anauliza saa.
"Saa ya mkate," asema Sabiha.
Natafsiri: alfajiri.
Anauliza umbali kutoka jengo lililolengwa.
"Kumbe kulikuwa na jengo lililolengwa?"
Natafsiri: hajui.

Meja anaigeuza ramani. Ina vidoa vya kijani:
hospitali, shule, misikiti, kanisa lenye saa, tangi la maji.
Hapa, asema, hatupigi. Kila kidoa kina namba,
kila namba ina mtu aliyekesha akiiandika,
na yupo mwanasheria aulizwaye kabla ya rubani.
Anayasema haya kwa fahari kidogo, na si uongo.
Sabiha anavaa miwani. Anaipitia ramani
kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Tanuri halimo."

Feni inaguna.

"Tanuri la mkate," arudia, akimtazama yeye, si mimi.
"Mliona joto, mkadhani nini?
Kila alfajiri watu ishirini na moto mmoja.
Siku ngapi mlitutazama kutoka huko juu?"
Natafsiri yote. Safari hii sipunguzi.
Meja anapekua karatasi, masikio yanamwiva.
"Tatu," asema, na vidole vitatu vimeshainuka.
Kisha, haraka: "Hilo usilitafsiri."
Nani huhitaji mkalimani wa vidole?

Ipo bahasha. Ipo fomu ya kupokelea bahasha.
Kifungu cha tisa: malipo haya si kukiri kosa.
Neno lililoidhinishwa ni *tunasikitika*.
Nimelitafsiri mara mia nne na ushei;
kila nikilitamka huwa na mlango mmoja tu, wa kutokea.
Lile jingine, la kuomba msamaha,
limefungiwa wizarani, katika mji nisioujua.
Nasikia lina kamati.

Sabiha haigusi bahasha. Anaomba kalamu.
Anaivuta ramani ya serikali upande wake, anaandika:
hapa tanuri.
Hapa ukuta wenye kivuli, watoto wa gololi huukalia hadi adhuhuri.
Hapa fundi cherehani, kiziwi; vipeperushi mnavyodondosha
mkewe humsomea jioni, akirudi sokoni.
Hapa nyumba ya Umm Hazim, ina chumba chini ya ardhi.
"Tukiogopa tunaingia humu sote, mtaa mzima.
Mwambie: wakiona nyumba kimya, wajue imejaa."

Nikamwambia.

Meja hakuandika kitu. Alikiondoa kijiko
juu ya gilasi, akakishika tu,
na chai iliyobaki ilikuwa imeshapoa.
Huenda ramani ile itafika mezani kwa mtu mwenye cheo.
Huenda watasema imechafuliwa, wachapishe nyingine.

Sabiha akaendelea, herufi ndogondogo,
hadi akafika ukingo wa mto, wino ukaanza kukwaruza.
Ndipo akanigeukia, mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Na wewe, mwanangu, kwenu ni wapi?"

Nikaipokea kalamu.